Shahidi wa Mwezi

Mzee Haddou alishuka kutoka darini akipapasa ukuta, akatangaza kwamba mwezi wa Idi umeandama, mwembamba kama ukucha, juu ya mlima. Majirani hawakuuliza mara mbili. Pale mjini Midelt ndiye aliyekwenda kwa kadhi kila mwaka kuapa kwamba ameuona, na hakuna aliyewahi kumkanusha.

Binti yake Itto alikuwa jikoni akipakua supu ya harira. Alifundisha elimu ya nyota chuoni Marrakesh, na alijua kwamba jioni ile mwezi ulikuwa umetua kabla ya jua. Hapakuwa na cha kuonekana. Tena alijua kwamba baba ana mtoto wa jicho. Daktari alishasema upasuaji, mzee akasema baada ya mfungo.

Akinyamaza, baba angeapa uongo bila kujua, na watu wangekula mchana siku ya saumu. Akamfuata mlangoni, akamkuta anavaa kanzu yake ya sufu.

"Baba, usiende. Hakuna mwezi leo."

"Hesabu zako hizo. Mimi nimeutafuta mwezi kabla mama yako hajakuota."

"Ulishatua jua likiwa bado juu."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Hapana, Baba. Huoni."

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti yake. Siku hizi aliwatambua watu kwa sauti, na wote wawili walilijua hilo. Akaivua kanzu taratibu, akaitundika. Msumari aliupata mara ya tatu.

"Asiyeona hatoi ushahidi wa kuona," alisema. "Hilo halijatoka chuoni kwenu, ni sheria. Nenda kamwambie kadhi Haddou hakuona kitu. Na mwakani atafute mtu mwingine."

Itto alimwambia kwamba daktari atamtibu, naye atarudi darini kama zamani. Mzee alikuwa hasikilizi.

"Na mwaka jana?"

Itto alishukuru kwamba hapo alikuwa na jibu la kweli. "Mwaka jana ulikuwepo, Baba. Hata kule Marrakesh ulionekana."

"Sikuuliza kama ulikuwepo. Nauliza, mimi niliuona?"

Itto alimwekea bakuli la harira. Nje, watoto walishaanza kuimba Idi kwa sababu Mzee Haddou amesema. Akajitanda ushungi, akatoka kwenda kwa kadhi kabla habari haijafika mbali. Nyuma yake baba yake aliketi mbele ya harira, hajafuturu bado, midomo ikicheza, akimwomba Mungu msamaha kwa miaka asiyojua ni mingapi.