Wanafunzi wa Fundi Redio

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, wapiga dramu wa mtaa ule walikutana katika stoo ya magodoro ya shemeji yake Kinyozi. Hakuna kati yao aliyekuwa na seti kamili. Kinyozi alikuwa na dramu kubwa ya kupiga kwa mguu, aliyokuwa akiiviringisha barabarani kama pipa. Mwalimu wa hesabu alikuwa na ile ndogo yenye waya chini, aliyoiazima shuleni zamani sana hata shule yenyewe ikasahau kuidai. Mwoka mikate, ambaye wote walimwita Hamira, alileta toazi. Vikiunganishwa vilitosha seti moja, nao wakapokezana kiti, mmoja akipiga, wengine wamejilaza juu ya magodoro yaliyokuwa bado kwenye nailoni. Magodoro yalimeza kelele yote. Mpita njia angedhani kuna mtu anapasua kuni nyumba ya pili.

Toazi lilikuwa la marehemu baba yake Hamira. Mchana baba alikuwa fundi redio, jioni alipiga dramu katika bendi ya hoteli. Toazi lilipopata ufa alikaa nalo mlangoni na tupa, akaukwangua ufa mpaka ukaisha, likabaki na pengo ukingoni kama mdomo uliong'olewa jino. Alifundisha nusu ya vijana wa mji kupiga, Kinyozi akiwa mmoja wao. Binti yake mwenyewe hakumfundisha. Kila alipoomba aliambiwa, "Ngoja kwanza," na alikuwa bado anangoja siku baba alipoteleza juu ya paa la jirani akifunga antena. Hakuwa amefika hata arobaini. Sasa Hamira mwenyewe hamsini ilikuwa inambishia hodi, na kichwani alikuwa na weupe usiotokana na unga.

Alijifunza ukubwani, peke yake, kwa mashine ya kukandia unga. Mashine ile ilikuwa na mkono mmoja uliolegea, ikawa inagonga mara mbili nzito na moja nyepesi, siku nzima, mwaka hadi mwaka. Alianza kuifuatisha kwa vidole kwenye meza, halafu kwa miko, halafu siku moja akaliteremsha toazi kutoka juu ya kabati.

Jumapili moja Mwalimu alikuja na mgeni, muuguzi wa hospitali kuu aliyekuwa akimfunga kidonda cha mguu. "Nimemkuta anagonga trei la dawa," alisema Mwalimu. "Nikajua huyu ni mgonjwa mwenzetu."

Muuguzi alikuwa binti mwembamba, mwenye macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu. Alikaa, akasogeza kiti nyuma kidogo, akaanza. Alipiga vizuri, bila mbwembwe. Lakini kila alipomaliza kuzungusha mikono, kabla ya kulipiga toazi, alisita. Kilikuwa kisito kidogo mno, kama mtu anayevuta pumzi mlangoni kabla hajaingia. Kisha toazi likalia, na Hamira akahisi nywele za mikono zinasimama.

Kinyozi alikuwa amejilaza. Akainuka akaketi.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

"Mambo ya kufundishwa ni marefu," alisema Muuguzi, akicheka. "Anza wewe, kaka."

Basi wakasimuliana. Mwalimu alisema yeye alijifunza kwa kuchapwa, maana alikuwa akigonga dawati darasani hadi mwalimu wake akaona heri ampeleke kwenye bendi ya shule. Kinyozi alisema yeye alifundishwa na baba yake Hamira, kwamba alikuwa akimkalisha na vijiti mbele ya godoro mpaka mikono iache kubishana. Hamira akataja mashine yake ya unga, na wakacheka kama kawaida.

"Mimi nilifundishwa na fundi wa hosteli," alisema Muuguzi. "Si mnajua hosteli yetu ya wauguzi zamani ilikuwa hoteli? Chini kuna ukumbi, siku hizi wameweka vitanda vibovu. Mwaka jana nilikuwa nikitoka zamu asubuhi usingizi hauji, nashuka huko kukaa. Nikamkuta kaka mmoja amekaa kwenye kreti la soda, anatengeneza redio. Penseli sikioni. Kiatu kimoja hakina kamba. Aliniona nagonga chuma cha kitanda, akaniambia nina haraka. Ndiyo tukaanza hivyo, juu ya magodoro ya zamani. Hakutaka hata nimshukuru. Nilipoweza, sikumwona tena."

Muuguzi aligeuka kulitazama toazi, akaligusa kwenye pengo kwa kidole kimoja.

"Na hili ni lake," alisema taratibu. "Aliniambia analo toazi lenye pengo, na kwamba nikija kulipata nilipige upande wa pili, mbali na pengo, ndiko lilikobakiza sauti. Mmelipata wapi?"

Kinyozi alimtazama Hamira, na Hamira alitazama sakafu. Kisito kile alikifahamu. Alikuwa akikisikiliza utotoni, akiwa amekaa juu ya ngazi za nyuma za hoteli ile ile, siku ambazo mama alimtuma ampelekee baba sweta. Mkono wa fundi redio ulikuwa na kovu la pasi ya kuchomelea, na mkono ule ulipopanda juu ya toazi ulikuwa ukisimama kidogo hewani. Hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kukiiga. Hata Kinyozi alijaribu miaka yote, kikawa kinatoka kama kigugumizi.

"Ni la mtu wa nyumbani," alisema Hamira. Akalifungua toazi kutoka kwenye stendi, akalifunga kwenye kitambaa chake, akaaga.

Kinyozi alimfuata hadi nje.

"Dada, pengine ni mtu tu aliyemjua mzee," alisema.

"Mzee yupi? Wewe kichwa chako kina mvi kuliko chake alipozikwa."

Kinyozi alikuwa ametembea nyuma ya jeneza lile.

"Sikasiriki kwamba anaonekana," alisema Hamira. "Wafu wa watu wanaonekana, tumeshasikia. Lakini arudi kutoka huko alikokwenda, kisha amfundishe mtoto wa watu ambaye hata hamjui. Mimi niko hapa hapa mjini. Duka la mikate halijahama."

Kinyozi alimshika bega, akarudi ndani.

Wiki ile mikate ya Hamira iliungua mara kadhaa, jambo ambalo wateja walilizungumza. Katikati ya wiki alikwenda hospitali kumtafuta Muuguzi, akamweleza yote bila kuzunguka. Muuguzi alimsikiliza akiwa ameshika trei kifuani. Alipoelewa, aliliweka trei chini na kukaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Alikuwa akinishika kiwiko kunirekebisha," alisema. "Mkono wake ulikuwa na joto, mama. Naapa ulikuwa na joto."

"Najua," alisema Hamira. "Nipeleke."

Ukumbi ulikuwa mrefu, wenye madirisha ya juu yaliyoingiza mwanga wa saa nne asubuhi. Vitanda vya chuma vilipangwa kimoja juu ya kingine hadi karibu na dari, magurudumu yakielea hewani. Mwisho wa ukumbi jukwaa lilikuwa bado lipo, na karibu nalo kreti la soda. Muuguzi hakutaka kuvuka mlango. Hamira alimwambia aende akalale.

Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa na toazi mapajani. Vumbi la sakafuni lilikuwa halijakanyagwa isipokuwa na miguu yake mwenyewe. Alingoja mpaka mwanga ukahama kutoka dirisha moja hadi jingine. Hakuja mtu. Kesho yake alirudi, na kesho yake tena, kila alipomaliza kutoa mikate ya asubuhi. Aliona aibu. Mtu mzima, mwenye watoto wanaojitegemea, anakaa stoo ya vitanda kumvizia baba yake kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Siku aliyokata shauri kwamba hiyo ndiyo ya mwisho, alisikia kwanza harufu. Risasi ya kuchomelea nyaya, ikiyeyuka. Nyumba yao yote ilinuka hivyo alipokuwa mdogo, hata nguo za shule.

Kijana alikuwa amekaa kwenye kreti, redio iliyofunuliwa mgongo ikiwa magotini. Penseli sikioni. Shingo nyembamba. Hamira alishangaa jinsi alivyokuwa mdogo. Miaka yote alimkumbuka kama mtu mkubwa, mwenye kujaza mlango, kumbe alikuwa mvulana aliyeoa mapema, wa rika la mwanawe wa kwanza.

Kijana aliinua uso, akamwona, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, mama," alisema.

Baba yake Hamira alikuwa amesimama mbele yake akingoja jibu, kichwa kimeinama kidogo, kama alivyomfundisha yeye mwenyewe kuinama mbele ya wakubwa. Ilimbidi ajibu.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, baba."

Kijana alitabasamu, kama vijana wanavyotabasamu wanapoitwa hivyo na watu wazima kwa upendo tu, akakaa. "Umekuja kumwona mgonjwa?"

"Nimekuja kujifunza dramu. Nimesikia unafundisha."

"Nafundisha wanaopita." Alipuliza vumbi ndani ya redio. "Ila mama, nisikudanganye, mimi mwenyewe bado najifunza kufundisha. Wengine nimewaharibu. Kuna mmoja, anataka ukinyozi, nilimkaza mno mwanzoni, sasa mkono wake una hofu. Hautaiacha tena."

"Na nyumbani? Huna mtoto wa kumfundisha?"

"Ninaye binti." Uso wake ulibadilika. "Huyo ananisumbua kila siku. Namwambia ngoja kwanza."

"Kwa nini umngojeshe?"

Kijana aliichukua penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Hawa wengine nikiwakosea watapata mwalimu mwingine. Yule nikimkosea atabaki na kosa langu maisha yake yote. Ana mikono mizuri kuliko yangu, nimemwona akigonga sufuria. Naogopa. Nataka nikianza naye niwe najua ninachofanya."

"Anaweza kudhani humtaki."

"Hawezi kudhani hivyo," alisema kijana, kwa uhakika kabisa. "Anajua."

Hamira alilitazama toazi lililofungwa mapajani. Maneno aliyokuwa ameyaandaa kwa miaka yalikuwa yamejaa kooni, naye akaona kwamba akiyasema yatamwangukia mtu asiyeyajua, mtu ambaye paa halijamfikia bado. Akayameza.

"Basi nionyeshe mimi," alisema. "Kile kisito kabla ya toazi."

Kijana alimkalisha mbele ya godoro la zamani, akampa vijiti. Alimtazama akipiga, akacheka kwa mshangao. "Nani kakufundisha hivi? Mbili nzito, moja nyepesi, kama mashine."

"Ni mashine."

"Usiiache. Mimi sina cha kukuongezea hapo." Akaja nyuma yake, akamshika kiwiko. Mkono ulikuwa na joto kweli. "Mkono ukifika juu, usiufikirie. Mfikirie mtu unayetaka asikie. Ukishamwona kichwani, shusha."

Hamira aliinua mkono. Alifumba macho, akashusha, na mlio wa godoro ukasikika mzito ukumbi mzima.

"Hivyo hivyo," alisema kijana, na sauti yake tayari ilikuwa inakwenda mbali. "Niwie radhi, mama, sitaki kuchelewa. Binti yangu atakuwa ameshatoka shule."

Alikuwa ameibana redio kwapani, anakwenda mlangoni kwa haraka za baba anayewahi nyumbani. Hamira alisimama. Nyumba yao ilibomolewa zamani, pamejengwa kituo cha mafuta. Alitaka kumwita, amwambie asiende, hakuna mtu kule. Lakini mlango ulikuwa tayari mtupu, na sakafuni, kutoka kwenye kreti hadi kizingitini, vumbi lilikuwa limelala kama lilivyokuwa.

Hakumwona tena. Alirudi mara nyingi, hadi hospitali ilipoviuza vile vitanda kwa wanunuzi wa chuma chakavu na ukumbi ukapakwa rangi ya maziwa na kuwa chumba cha kulia chakula. Muuguzi alihamishiwa mji mwingine, akaaga kwa machozi. Jumapili ziliendelea. Kinyozi hakuambiwa kamwe alichosemewa kuhusu mkono wake, ila Hamira alianza kumpisha kiti kwa muda mrefu zaidi, na kumnyamazisha Mwalimu alipotaka kumkosoa.

Kilichomkosesha Hamira raha ni kitu kingine. Akiwa mbele ya tanuri, mikono imejaa unga, alijaribu kukumbuka kama kulikuwa na siku, katika zile za mwisho kabla ya paa, ambayo baba aliingia nyumbani akiwa na redio kwapani na kusema kwamba amekutana na mama mmoja. Wakati mwingine ilimjia: yuko sakafuni na madaftari, baba anachuchumaa, anamwambia, hebu nione mikono yako, naye anainyoosha. Aliiona picha hiyo wazi kabisa, hata uzi uliochomoza kwenye mkono wa shati la baba. Lakini kila ilipokuja ilikuwa na kitu kipya kilichoongezeka, na hakuweza kujua kama alikuwa anaikumbuka au anaioka mwenyewe.