Kano ya Mguu wa Nyuma

Asubuhi moja ya mwaka wa 1953, siku za Emajensi, hali ya hatari ambapo wakoloni walikuwa wakiwasaka waasi wa msituni, ng'ombe wawili wa mzungu walikutwa wamelala kwenye baridi ya Molo, wako hai, macho wazi, wasiweze kuinuka. Wafanyakazi wote wa shamba walipangwa mstari, wakainamisha vichwa. Koplo wa polisi alitazama majeraha ya miguuni, akatangaza kwamba mifupa imevunjwa kwa panga.

Gachanja, mchinjaji wa shamba, alishindwa kuvumilia upuuzi huo. Kwa miaka ishirini alikuwa akichomoa kano za miguu, akizianika na kuzitumia kushonea mikanda ya ngozi. Mkewe Mugure alimvuta koti. Wapi!

"Mfupa ni mzima, afande," alisema, akapiga magoti kando ya ng'ombe. "Hapa nyuma, juu ya kisigino, kuna kano, ngumu kama kamba. Nguvu iko kwenye nyama ya paja, lakini nyama haiufikii mfupa huu wa chini. Inauvuta kwa kano. Ukiikata, nyama itavuta weee, mguu usisikie. Na huyu aliyekata anajua kazi. Amepiga mara moja tu."

Akaweka kidole penye mkato bila hata kuangalia.

Koplo alikitazama kile kidole, kisha akamtazama usoni. "Hapa shambani, nani mwingine anajua hayo?"

Gachanja aliwaangalia wenzake mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Ni mimi tu," alisema polepole. Pingu zilipombana, aliona kano za mikono yake zikicheza chini ya ngozi, zikivuta bure.