Damu ya Hilarión

Mume wangu Hilarión alikuwa amekaa kitandani, mkono wa shati umekunjwa hadi begani, midomo imegeuka zambarau. Nesi Yovana ameshika sindano. Kati yao alisimama mama mkwe wangu, Fortunata, na sahani ya damu ya kondoo iliyokaangwa kwa vitunguu.

"Mumiani we," alimwambia nesi. "Mwanangu kaishiwa damu, nawe unataka kumtoa hiyo iliyobaki?"

Kule mgodini kwetu, juu mlimani ambako hata nyasi hazioti, anayechoka huambiwa amepungukiwa damu. Hilarión alipoanza kuumwa kichwa na masikio kumvuma, mama yake alimlisha damu kila siku, na vidonge vya madini ya chuma juu yake. Alimpenda, sikatai. Lakini kadiri alivyokula ndivyo kucha zilivyozidi kuwa nyeusi, na akilala alihema kama mbeba gunia. Nilikuwa naogopa kumtazama.

Nesi hakukasirika. "Mama, huku juu hewa ni haba. Mwili ukikosa hewa hudhani unataka damu zaidi, basi hufyonza chuma chote kilichomo kwenye chakula ili kuitengeneza, wala haujui kusema inatosha. Damu yake sasa nzito kama uji. Tuipunguze leo, kisha ateremke bondeni. La sivyo itamgandia kichwani."

Mama akacheka. "Umesikia, mwanangu? Eti umeshiba damu, na kusimama kwenyewe huwezi."

"Hilarión," nikasema, "mpe nesi mkono. Nakuomba."

Alinitazama, kisha akamtazama mama yake. Mwanamume mzima, anayeingia shimoni baruti zingali zinafuka moshi, alimwogopa yule bibi mfupi.

"Yaache, Justina," akasema. "Mama asije akalia."

Akateremsha mkono wa shati, akapokea sahani.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilitoka nje kwa hasira, theluji ikanipiga usoni, na bado nilimsikia mama akimbembeleza amalize.

Juma halikuisha. Alianguka mlangoni akifunga kamba za viatu, uso umelegea upande mmoja, asizinduke tena.

Sasa naishi bondeni, na mama mkwe yuko kwangu, maana hana mwingine. Macho yamemwishia. Mara nyingine hunipapasa kiganja.

"Justina, tungalimwongeza sahani moja tu, angalipona, eti?"

"Pengine, mama," humjibu, nikimvutia blanketi hadi mabegani.