Hapana Mbili Mlangoni

Kila Jumatano alasiri, vipeperushi vya matangazo vilipopenya tundu la barua na kuangukia zulia la mlangoni, Hendrikje Postma aliweka chini kiazi alichokuwa akimenya akaenda kuviokota. Vilikuwa vya pizza, vya sofa, vya mafundi wa kuzibua mifereji ya paa. Katikati yavyo alikuja mumewe Sietse, aliyekuwa amekufa tangu majira ya baridi, mwembamba kama karatasi. Hendrikje alimkung'uta vumbi, akamwegemeza karibu na kipasha joto, naye akajaa polepole mpaka koti lake la zamani likamwenea.

Walikunywa kahawa kwa biskuti moja moja, kisha kopo la biskuti likafunikwa, kama ilivyo desturi ya mji wao wa Leeuwarden. Walisoma bei za nyama na kukumbuka mtaa ulipokuwa na mwokaji wake, mkate wa sukari ukinukia hadi darajani, na mfereji ulipoganda kiasi kwamba Sietse alipeleka barua kwa viatu vya kutelezea barafuni.

Siku moja binti yao Marloes alipita. Gari aliliacha likiunguruma nje.

"Mama, takataka hizi utaziokota mpaka lini? Utateleza uvunjike nyonga, halafu nani aje kukuinua?"

"Si wewe?"

"Mimi naishi mbali, Utrecht, Mama!"

Akabandika mlangoni stika yenye neno hapana mara mbili, moja ya kukataa matangazo, nyingine ya kukataa gazeti la bure la mtaa. Kibao chenye jina la baba yake akakibandua, kwani marehemu hapokei barua. Kahawa hakungoja.

Jumatano iliyofuata hakikuanguka kitu. Hendrikje akafungua mlango. Sietse alikuwa kwenye manyunyu, ameshika nguzo ya taa asipeperuke.

"Ingia basi, unalowa."

"Pameandikwa hapana."

"Hiyo ni ya matangazo, mzee wewe!"

"Jina langu lingekuwapo, ningeingia kama barua. Sasa mimi ni karatasi tu."

"Ndoa yote ile, leo unanisomea sheria kwenye mlango wangu?"

"Nimekuwa mpeleka barua maisha yangu yote, Hendrikje. Unanijua."

Alimjua. Akaenda jikoni, akaleta kisu cha jibini, akaanza kuikwangua stika. Fokje, jirani wa upande wa pili, alikuwa akifuta dirisha lake.

"Utazama kwenye makaratasi, shoga!"

"Niache nizame."

Hapana ya pili ilipobanduka, Sietse alipita kwenye tundu la barua, akifuatwa na vipeperushi vya wiki nzima.

Tangu hapo karatasi zilirundikana hadi kwenye ngazi, na Hendrikje akajifunza kuziruka. Marloes alipiga simu kusema Jumapili hii haiwezekani, labda ile nyingine. Hendrikje akamwomba Sietse apitie Utrecht, maana huko nako vipeperushi vinafika.

Jumatano aliyorudi, pembe yake moja ilikuwa imekunjika. Hendrikje aliinyoosha kwa kiganja.

"Umemwona?"

"Nimefika mlangoni." Sietse alikoroga kahawa isiyo na sukari. "Naye ana hapana mbili."

"Ungebisha."

"Karatasi haibishi, mke wangu."

Mvua iliendelea kunyesha. Hendrikje alilivuta kopo, akalifunua tena, akampa biskuti ya pili.