Sema Tega, Vere

Kitendawili!

Mbona mnanitazama? Semeni tega, ndipo niendelee. Haya. Nikimwita ananiita, nikimuuliza ananiuliza, nikinyamaza ananyamaza. Nani huyo?

Hamna? Basi msiharakishe kunipa mji. Ushikeni kwanza, maana kitendawili hiki kilikaa karibu mwezi mzima pale jirani na Kalenga bila kuteguliwa, na aliyekuja kukitegua hakutazamiwa na mtu.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa Juni, baridi ile ya Iringa ambayo ukiamka unakuta majani yamekuwa meupe na ng'ombe wanatoa moshi puani. Shule zilikuwa zimefungwa. Evarista, binti wa mzee Liberatus Kalinga, alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tatu, na hakukuwa na kitu alichokipenda kama shule. Alipenda vumbi la chaki. Alipenda kibao chake cha kuandikia chenye ufa pembeni. Hata ile kengele, kipande cha chuma cha lori kilichoning'inizwa mtini, aliiota usingizini. Na shule hiyohiyo ndiyo aliyokuwa karibu kuipoteza.

Sababu ilikuwa mdogo wake, Verediana, ambaye nyumbani walimwita Vere. Alikuwa na miaka saba. Hakumtazama mtu usoni, na ukimwambia neno alikurudishia lilelile.

"Umekula, Vere?"

"Umekula, Vere?"

"Msalimie babu. Sema shikamoo."

"Sema shikamoo."

Akitaka togwa hakusema nataka. Alisimama mbele ya kibuyu akasema, "Unataka togwa?" kama alivyozoea kuulizwa. Neno mimi halikuwahi kumtoka kinywani.

Siku ya kuandikishwa shule, mkono wake ulipita juu ya kichwa ukashika sikio la upande wa pili bila taabu, na siku zile huo ndio ulikuwa mtihani wa umri. Mwalimu akafurahi, akakohoa kidogo, akauliza, "Jina lako nani?" Vere naye akakohoa kidogo, akasema kwa sauti nzito ileile, "Jina lako nani?" Watoto wakaanguka kwa kicheko. Mwalimu akafunga daftari. "Mrudisheni nyumbani huyu, akafundishwe adabu kwanza."

Mahali pamoja tu Vere alikuwa kama wenzake. Wahehe wakikutana, mmoja husema "Kamwene," na mwenzake hujibu "Kamwene." Basi wazee wakimpita njiani walimsifu sana. "Huyu mtoto wa Kalinga kafunzwa huyu!" Wakaenda zao wameridhika, ili mradi wasiongeze neno la pili.

Tatizo kubwa lilikuwa mto. Vere alipenda maji, na ukigeuka tu ameshashika njia ya Ruaha Mdogo. Ukimwita jina lake kwa mbali, kimya. Mama yao alikuwa na kichanga mgongoni na shamba la kuvuna. Ndipo jioni moja, wakila, baba akasema, macho yake yakiwa kwenye ugali, "Evarista, likizo ikiisha hurudi shule. Utakaa na mdogo wako."

"Mpaka lini, baba?"

"Mpaka aitike. Mtoto anayeitika unaweza kumwacha kwa watu. Huyu asiyeitika, akiingia mtoni, watamtafutaje?"

Evarista alitazama bakuli la mboga hadi likapoa. Baba hakuwa mkali. Alikuwa na hofu, na hofu ya baba haibishani na mtoto.

Sasa wiki hiyohiyo akapita Bibi Tusekile. Huyu alikuwa mke wa mwinjilisti Anania wa Kilutheri, Mnyakyusa wa huko Mbeya, mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Alikuwa akienda nyumba kwa nyumba na swali moja. "Hapa kuna mtoto asiyekaa na wenzake?" Watu walikana, kwa kuwa watoto wa namna hiyo walifichwa uani. Lakini yeye alichungulia uani. Akapata saba.

"Nileteeni asubuhi, jioni mnawachukua, mpaka likizo iishe," alimwambia mzee Kalinga.

"Sisi ni Wakatoliki, mama."

"Mimi nimeomba mtoto, baba. Ubatizo sijauomba."

Mzee Kalinga akacheka bila kupenda, na mambo yakaishia hapo.

Bibi Tusekile akasimamisha hema la mume wake la kuhubiria, pembeni mwa kanisa, na kwa sababu ya hema watu wakapaita kambini. Wenye midomo wakapaita kambi ya mabubu. Evarista alimpeleka Vere kila asubuhi, akabaki kusaidia. Hata leo, meno yakiwa yamepungua, akisikia harufu ya turubai lililopigwa na jua, moyo wake unarudi pale: majani makavu chini, kibuyu cha togwa kivulini, Saulo mdogo akizungusha kifuniko chake cha chungu tangu asubuhi mpaka jioni bila mtu kumnyang'anya. Bibi Tusekile hakumlazimisha mtoto kumtazama, wala hakumshika mtoto ghafla. Alimwaga maharage kwenye mkeka akasema, "Chambueni." Vere akachambua. Mekundu huku, meupe huku, yenye madoa huku, na ole wako uchanganye.

"Nyumbani kwetu Mbeya nilikuwa na kaka yangu, Anyitike," Bibi Tusekile alimwambia Evarista siku moja, akiokota mawe katika maharage. "Walimfunga kamba mguuni, kwenye nguzo ya nyumba, asipotee. Kweli hakupotea. Mpaka anakufa, alama ya kamba ilikuwepo." Akatupa jiwe nje. "Haya, tuendelee."

Kila asubuhi kabla ya kazi palikuwa na vitendawili. Bibi Tusekile akipaza sauti, "Kitendawili!" watatu wanne wanaitikia, "Tega!" Na Vere, bila kuinua kichwa, "Kitendawili!"

"Sema tega, Vere," Evarista alimnong'oneza.

"Sema tega, Vere."

"Eee, huyu kanishinda! Anataka atege yeye!" Bibi Tusekile anacheka mpaka kilemba kinakaa upande. Wakishindwa kutegua wanampa miji, naye anaila yote. "Mbeya mmenipa mara nne sasa. Nikienda kwetu nitakuta wamebaki na nini? Nipeni hata Idodi!"

Asubuhi moja, njiani, watoto wa kijiji waliwakuta. Wakapanga mstari wakaimba, "Nikimwita ananiita! Nikimuuliza ananiuliza! Nikinyamaza ananyamaza! Nani huyo?" Wakajijibu wenyewe, "Verediana wa Kalinga!" Evarista akamvuta mdogo wake wakapita haraka. Mbele kidogo akachuchumaa, machozi yakimtoka. "Ni mwangwi, Vere. Siyo wewe. Unasikia? Siyo wewe."

"Siyo wewe," Vere akasema, akitazama majani.

Bibi Tusekile aliposikia, hakukemea mtu. Alikichukua kitendawili chenyewe akakitega kambini. Mtoto mmoja akasema, "Ni Vere!"

"Jibu hilo silitaki. Na leo mji sitaki." Akamgeukia Evarista. "Wewe unalijua, nyamaza. Nangoja."

Akakitega kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku, akingoja. Hakuna aliyekitegua. Siku za likizo zikaisha kama mahindi kwenye kapu, na Vere hajaitika hata mara moja.

Ikafika siku ya mwisho. Wazazi walikuja kuchukua watoto, mzee Kalinga miongoni mwao. Watu wakang'oa vigingi, wakakunja hema, pakawa na kelele za kuagana. Evarista alipogeuka, mkekani palikuwa na mafungu matatu ya maharage, yamepangwa vizuri kabisa. Vere hakuwepo.

"Mtoni," baba akasema, na wote wawili walikuwa wameshaanza kukimbia.

Pale Ruaha Mdogo unapita kati ya majabali, na matete yanamzidi mtu mzima. Mto ulikuwa umepungua, lakini yalikuwepo madimbwi yasiyo na kina cha kueleweka. Mzee Kalinga aliita, "Verediana!" Majabali yakaita, "Diana!" kutoka ng'ambo. Akakimbilia huko mpaka maji yakamfika magotini. Akaita tena, jina likaja kutoka nyuma yake.

Evarista akakumbuka neno moja ambalo Vere hakuliacha bila kulirudisha. "Kamwene!" akapiga kelele.

"Kamwene!" likajibu bonde. "Mwene!" likajibu jabali la juu. Na katikati ya sauti hizo, au baada yake, palikuwa na nyingine ndogo? Lipi lilikuwa jiwe na lipi lilikuwa mtoto? Aliita mara tatu, na mara zote alirudishiwa kutoka kila upande.

Baba yake alisimama majini, mikono kichwani. "Mto huu," alisema. "Mto huu jamani."

Evarista akabana macho. Kila ninachokitupa, jiwe linanirudishia, aliwaza. Je, kuna kitu jiwe lisichoweza kusema? Akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Kitendawili!"

"Dawili," yakasema majabali. "Wili." Yakanyamaza. Yakabaki maji tu, yakijikokota kati ya mawe.

Kisha upande wa chini, nyuma ya matete, ikatoka sauti nyembamba isiyo na haraka, kama ya mtu aliyekuwa akingoja zamu yake.

"Tega."

"Ni mawe hayo," baba akasema.

"Mawe hayajui tega, baba."

Mzee Kalinga alimtazama binti yake. Evarista alikuwa ameshaanza kuteremka, akipaza sauti ili ile nyingine isipotee. "Nikimwita ananiita!" Majabali yakarudia. "Nikimuuliza ananiuliza!" Akapasua matete kwa viwiko. "Nikinyamaza ananyamaza!"

Akatokea kwenye kimchanga. Vere alikuwa amekaa, miguu ndani ya maji, akipanga vijiwe kwenye mchanga mbichi, vyekundu huku, vyeupe huku. Evarista alitaka kumrukia amkumbatie. Akajizuia, kama alivyofundishwa kambini, akachuchumaa mbali kidogo. Baba akafika nyuma yake akihema, naye akasimama palepale.

"Nani huyo?" Evarista akauliza polepole.

Vere akachukua kijiwe cheupe, akakipangusa, akakiweka penye vyeupe vyenzake. Hakuinua kichwa.

"Mwangwi," akasema. "Siyo mimi."