Kicheko Ndani ya Eda

Mama yangu hakulia baba alipokufa, na hilo watu wa Kisarawe hawakumsamehe. Msibani walilia wote, hata mabibi waliopitia tu kutoa pole wakielekea sokoni. Mama alikaa kwenye mkeka, uso mkavu, akiuliza kama wageni wameshapata chai. Shangazi Tatu, dada yake baba, aliliona hilo akaliweka rohoni. "Miaka yote ile ya ndoa," alisema, wala hakunong'ona, "na chozi moja limemshinda."

Basi ndani ya hiyo hiyo eda, gego la mwisho la Mama likaanza vurugu. Shavu likavimba, chakula kikawa hakipiti. Vidonge vilishusha uvimbe, lakini jino lenyewe lilibaki, na mama yangu ni mtu wa ajabu kidogo. Watoto watano alijifungua bila kupiga kelele, ila sindano ya kinywani inamkimbiza. Mara ya kwanza alipopelekwa kung'oa alimng'ata daktari kidole, akatoka mbio mpaka stendi na kile kitambaa chao bado kinaning'inia kifuani. Tukaonywa kwamba uvimbe ukirudi unaweza kushuka shingoni ukamziba pumzi.

Mimi naishi na kufanya kazi Kibaha, na karibu na ofisi yetu kuna kliniki ya meno ya Daktari Evodius, ambaye ana gesi ya kuwatuliza wagonjwa waoga. Unavalishwa kibarakoa cha puani, unavuta, woga unapungua, na sindano inaingia huku wewe unawaza mambo yako. Nikampigia Mama simu kumpa habari njema, na mdomo wangu usio na breki ukamtajia na jina lake: gesi ya kucheka. Simu ilikuwa kwenye spika. Aliyekaa pembeni yake alikuwa Shangazi Tatu.

"Acheke?" Shangazi alidakia. "Udongo wa kaka yangu haujakauka, mkewe aende Kibaha akacheke mbele za watu?"

Nimeuliza sana, sijaambiwa na yeyote kwamba kucheka kunavunja eda. Ustadhi mwenyewe alisema matibabu ni dharura, aende. Lakini Kisarawe ina vitabu vyake ambavyo ustadhi hajavisoma. Mjane ambaye hakulia, sasa asikike anacheka! Hapo hata mimi nisingejua pa kuuficha uso. Mama alilijua hilo kuliko sisi sote.

"Bora nife na jino langu, Kudra," aliniambia, na hakuwa anatania.

Suluhu aliileta Shangazi, na ilikuwa suluhu ya kwake kabisa. Angekwenda naye, angekaa naye chumbani. "Nikiona tu kicheko kinataka kuja, namziba mdomo kwa mkono huu." Nilitaka kumuuliza Shangazi: na daktari naye atapitia wapi?

Siku ilipofika niliazima gari la binamu yangu Mudathir nikawafuata. Mama alikuwa ndani ya nguo zake nyeupe za eda. Shangazi alivaa baibui jeusi na uso wa hakimu. Tunaingia kliniki, na nani tunamkuta kwenye benchi la kusubiri? Bi Faudhia, jirani yetu wa Kisarawe, ameshika shavu. Bi Faudhia akiumwa jino huuma jino tu, mdomo unaendelea na kazi yake ya umbea. Katika Kibaha yote ilivyo kubwa, tukakutana na yeye. Mama akanishika mkono.

Daktari Evodius, kijana mnene mwenye sauti ya taratibu, aliwaamkia "Shikamooni, mama zangu," kisha akatueleza. Mama hatalala, atakuwa anatusikia. Wengi hawacheki, wanatulia tu. Kazi ikiisha atavuta oksijeni mpaka gesi imtoke.

"Wengi," alisema Shangazi. "Na wachache?"

"Wachache wanacheka kidogo, mama."

Shangazi akasogeza kiti chake karibu zaidi.

Mama akavuta. Baada ya muda mabega yake yakashuka, na nikagundua kwamba tangu msiba yalikuwa juu. Daktari akamuuliza anajisikiaje.

"Vizuri," Mama alisema polepole, macho darini. "Kibwana, vua viatu. Nimepiga deki sasa hivi."

Kibwana ni baba. Mkono wa Shangazi, uliokwisha kuinuka, ukabaki hewani.

"Chakula nimekufunikia," Mama aliendelea. "Usiniambie umeshiba, najua umetoka kwa dada yako. Wali wake una mawe, umeniambia mwenyewe. Haya, nawa mikono, kula."

Nilimtazama Shangazi huku namwomba Mungu.

"Mawe?" alisema Shangazi. "Wangu? Mbona mimi aliniambia wako ndio una mawe! Kila Ijumaa yuko kwangu, 'Dada nipakulie, kule nyumbani navunjika meno.' Sahani mbili anakula!"

"Na kwangu mbili," alisema Mama, kwa utulivu wa mtu asiye na shida yoyote duniani.

Basi hapo ndipo. Kicheko kilianzia tumboni kwa Shangazi. Alijiziba mdomo, kikatokea puani. Akajaribu kukohoa, kikamzidi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Kaka yangu! Mlafi mkubwa!" alisema huku machozi yanamtoka. Daktari aliweka sindano chini akasubiri. Mama hakucheka hata kidogo. Alimtazama wifi yake kwa upole, kisha akafungua kinywa mwenyewe. Sindano ikaingia asishtuke, na gego likatoka.

Kuta za kliniki ile ni nyembamba. Tulipotoka, benchi zima lilikuwa linatutazama, na Bi Faudhia alikuwa ameacha hata kushika shavu.

"Makubwa," alisema. "Nani huyo aliyekuwa anacheka humo ndani, na eda hii?"

Shangazi alibadilika rangi. Dada wa marehemu, aliyemsuta mwenzake kwa kukosa machozi! Kabla sijapata uongo wa maana, Mama, ganzi nusu ya uso na pamba kinywani, alijinyooshea kidole kifuani.

"Mimi," alisema. "Ile gesi."

Jambo aliloliogopa kuliko kufa amelibeba mwenyewe, ili amsitiri aliyekuja kumchunga. Shangazi aliangalia sakafu. Angeweza kunyamaza, na mimi nisingemlaumu, maana gesi ingebeba lawama zote.

"Muongo huyu," alisema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Nimecheka mimi, Tatu binti Maulidi, na gesi sikuvuta. Yeye hakucheka. Yeye alikuwa anamwita mumewe aje kula. Kawaambie Kisarawe hivyo hivyo, Faudhia, usipunguze neno."

Bi Faudhia akarudisha mkono shavuni.

Niliwaketisha wote wawili kiti cha nyuma. Hatujafika mbali nikasikia sauti, nikatazama kwenye kioo. Gesi ilikwisha kumtoka kitambo. Mama alikuwa analia, analia kwa mwili mzima, kama mtoto.

"Bado nampikia, wifi," alikuwa anasema kupitia ile pamba. "Kila Ijumaa nampakulia, halafu nakumbuka."

Shangazi Tatu alilisubiri chozi hilo tangu siku ya mazishi, na sasa lilipokuja lilimtia hofu. Akamvutia kwake, akamkandamiza shavu kwa kiganja kwa nguvu, naye akilia vilevile.

"Nyamaza, Mwanamvua, nyamaza," alisema. "Pamba itatoka."