Kitanda cha Direktere

Siku za pillage, mji ulipokuwa unaporwa, sisi tuliotumika bure kwenye musée ya Panda tulifanya jambo la akili. (Tulijiita bénévoles, maana Kifaransa kinafunika njaa.) Nyumba ya direktere wa zamani wa mugodi, ndiyo musée yenyewe, tuliikomba wenyewe kabla waporaji hawajafika. Kila mutu alibeba kitu akakificha kwake. Minye nilibeba sahani. Octave na bibi yake Martine walibeba kitanda, kile kikubwa chenye godoro la sufu.

Mambo yalipotulia, vyote vilirudi isipokuwa kitanda. Président wetu, Papa Georges, mustaafu anayevaa kravati hata anapofagia, akanituma minye.

"Mama Berthe, weye iko na kinywa."

Ni kweli, ninacho. Nilienda na hasira yangu yote na pousse-pousse ya kuazima, mukokoteni wa kubebea kitanda.

"Hii kitanda ni ya bantu bote," nikamuanza Martine mulangoni. "Haiko ya weye."

"Najua, mama."

"Sasa juu ya nini ingali hapa?"

"Octave aliuzisha kitanda yetu juu tukule. Nililala chini kwa simenti mupaka mugongo ikakufa. Hapa njo nimeanza kulala." Akakunja blanketi pembeni. "Lala kiloko tu, mama, kisha uibebe."

Dharau gani hiyo? Nikapanda nimuonyeshe kwamba kitanda ni kitanda tu. Nilikuwa bado ninamugombeza.

Nilipofungua macho, jua lilikuwa limehamia dirisha lingine na Martine alikuwa anasonga bukari. Tangu mushahara wa bwana yangu ukatike, sikuwa nimelala hivyo. Nilitaka kulia, nikakasirika kwa sababu ya kutaka kulia. Nikala bukari, nikasukuma pousse-pousse tupu hadi musée.

"Kitanda iko wapi?" Georges akauliza.

"Iko na kunguni, Papa. Mingi. Ya tangu wakati ya Babelgiji."

Georges akarudi nyuma, akaanza kujikuna shingo. "Ibakie kulekule," akasema.

Sasa wageni wakifika chumbani, ninawaonyesha sakafu tupu. "Hapa ndipo alipolala direktere," ninasema kwa sauti ya misa, nao wanaitazama kwa heshima. Juzi bwana mumoja akaniuliza kama kweli direktere muzima alilala chini.

"Ndiyo," nikamujibu. "Hata yeye, mushahara ulikuwa haujafika."